Mkono Ulionikopesha

Kwako mavyaa wangu, mama uliyenizalia mume kisha ukanikopesha na mkono,

Wajua, sijapata kumweleza mwanao jinsi nilivyofaulu. Mchana nilikuwa nikiosha chupa za maabara kwenye zahanati ya hapa Likoni. Jioni navuka feri kwenda chuoni kujifunza jinsi ya kuzijaza. Mtihani wa kutoa damu nilishaanguka mara moja. Mwanao alisema, "Ukianguka tena, habari ya chuo iishe humu ndani." Aliposhuka barazani, wewe ukakunja mkono wa gauni, ukaulaza juu ya mkeka.

"Papasa," ulisema. "Lakini mimi si maiti. Niamkie kwanza."

Basi kila alasiri, kabla ya kuikimbilia feri, nikawa nanawa, navaa glavu, nakubusu mkono, ndipo natafuta mshipa. Sindano yetu ilikuwa njiti ya kibiriti. "Mkaza mwanangu, wachagua nyama buchani?" ukinicheka. Hakuna kati yetu aliyeona kosa.

Siku ya mtihani nikaletewa bibi wa umri wako, kajitanda leso. Mishipa ya kiwiko imejificha, nikachagua wa mgongoni mwa kiganja. Nikanawa, nikavaa glavu, nikapapaka spiriti. Bibi akauinua mkono kidogo, nao mdomo wangu ukaitangulia akili.

"Shikamoo, bibi." Nikambusu pale pale penye spiriti.

"Marahaba, mwanangu!"

Mtahini, bwana mmoja wa bara, akaacha kuandika. "Hatua hiyo imo kitabu gani?"

Onyo la mwanao likanijia sikioni. Nikasema, "Nimeharibu, bwana. Naomba nianze upya."

Akatazama saa. "Muda wako ni ule ule."

Nikavua glavu, nikaenda bombani. Niliporudi, bibi kaufutika mkono ndani ya leso.

"Ala! Wanibusu kisha wenda kunawa? Nina nini mimi?"

"Huna kitu, bibi. Mdomo wangu ndio mchafu. Nimetoka kula mihogo ya pilipili."

Alinitazama mdomo. Mtahini naye akaanza kukusanya karatasi zake.

"Haya," akautoa. "Lakini hunidungi mara mbili."

Sikumdunga mara mbili. Damu ilipopanda kwenye sindano, nikaijaza chupa yangu.

Tangu hapo naamkia kwanza, kisha nanawa. Hata wanafunzi wangu nawafundisha hivyo. Nimelikosea hilo siku moja tu, ulipolazwa. Glavu nimeshavaa, spiriti nimeshapaka, nawe sauti imekwisha. Ukauinua mkono kidogo.

Nilijua kabisa kwamba hatua hiyo haimo kitabuni. Niliinama nikakubusu, kisha nikaenda kunawa upya, na pale bombani nikakawia kuliko kitabu kinavyotaka.

Shikamoo, mama, huko uliko. Safari hii sina haraka ya feri.

Mkaza mwanao