Bibi Anaitikia Asichokisikia

Kanazawa, 9 Juni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nami naahidi kukueleza yote bila kuficha.

Bibi yangu Fumie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwezi uliopita tulimpeleka kujaribu kifaa cha kusikia, kile kinachopunguza kelele ili maneno yabaki, dukani kwa Bwana Nukada, ambaye Bibi ndiye aliyemfundisha kusoma, naye Nukada akawasha spika zikavuma kelele za mkahawa, akatamka sentensi, lakini akaona haya kumtaka mwalimu wake azirudie kama mtoto wa darasa la kwanza, basi akawa anauliza tu, "Mwalimu, umesikia?" na Bibi anainama kwa adabu, "Vizuri sana, Nukada," naye akatuambia kifaa kinafanya kazi barabara.

Jana Bibi alikuwa anakaanga samaki, kifaa kiko sikioni, feni ya jikoni inavuma, nikasema nikiwa nyuma yake, "Bibi, nimefeli hesabu."

"Hongera, mjukuu wangu!"

Nikadhani ananitania. "Bibi, nyumba inaungua!"

"Haya, mwambie baba yako ale kwanza."

Wakati huohuo mdogo wangu Kanta, mwenye miezi saba, alikuwa analia chumba cha pili mpaka sauti inamkauka, na Bibi anageuza samaki huku akitabasamu, na Jumatatu mama anarudi kazini na kumwachia Bibi mtoto. Je, nimwambie mama, au nimsitiri Bibi? Tafadhali nijibu upesi.

Chizuru

*

Chizuru binti yangu,

Nimeshika kichwa! Mmeinamiana dukani mpaka mkasahau kupima. Bibi yako hakudanganya, alikuwa na adabu. Lakini adabu haibembelezi mtoto.

Mwambie mama leo, kabla hujavua sare ya shule. Kisha kaa na Bibi pembeni, uso kwa uso, feni imezimwa, umweleze kwa upole. Mrudisheni dukani. Kelele ziwashwe, Nukada asimame nyuma yake, asome, na Bibi arudie kila neno, kwanza kipunguza kelele kikiwa kimezimwa, halafu kimewashwa. Nukada akiona haya, amwombe mwalimu wake amsahihishe matamshi. Hakuna mwalimu anayekataa kazi hiyo.

Mama aombe kazini wamsogezee mbele siku ya kurudi, mpaka Bibi apimwe. Watanuna. Waache wanune.