Site ya walemavu ilivyomkataa Aline

Louise, weye, tegua hii: nyumba gani imejengewa vipofu, na mlango wake unaonekana kwa macho tu? Usijisumbue. Ni site ya internet ya ile ofisi mpya ya walemavu!

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba, kwa hiyo site, nafasi ya kusomea ualimu. Aline, kipofu wetu wa kwaya, alienda pale ofisini, akaifungua kwa simu yake inayomsomea kwa sauti. Ikamsomea nini? «Bouton. Bouton. Bouton.» Kila bouton, yaani pa kubonyeza, wameweka picha isiyo na jina!

Picha, Louise! Kwa vipofu!

Mkubwa wa ofisi, chef Ezéchiel, akacheka: «Lete kidole, binti yangu, nikubonyezee.» Akamshika mkono bila kuuliza. Akamshika, nakuambia, kama mtoto anayefundishwa kuandika! Aline akauvuta, akaufuta mu kitenge chake.

«Papa Ezéchiel, kabla ya kuifungua hii site, mulimuita kipofu gani aijaribu?» Aline akauliza.

Ezéchiel akaanza mambo ya connexion ya internet, mara courant ya umeme imekatika, mara wakubwa wa Kinshasa. Kinyaa kitupu!

«Sikuuliza hiyo. Kipofu gani?»



«Hakuna,» Ezéchiel akasema. «Hatukufikiri kama ninyi vipofu mungekuja peke yenu.»