Juu ya nini mama mudogo wako anaitwa Ushindi

Kambale, mujukuu wangu wa kule Kampala,

Siye tuko bazima, na maharagi imekomaa.

Uliuliza juu ya jina Ushindi. Nilikuwa na mimba yake wakati SIDA, ule ugonjwa wa UKIMWI, ilibeba babu yako, dereva wa camion ya kubeba mizigo. Na miye nilikuwa na virusi. Majirani balisema: « Mutoto ule hatapona. » Nikakunywa dawa bila kuacha. Alipozaliwa, bakamupima. Infirmière, muuguzi wa pale, akatoka na mbio: « Mama, mutoto hana virusi! » Nikapiga vigelegele, bamama bote ba maternité bakaitika. Pale pale nikamuita Ushindi.

Leo, bale balimuzika kwa midomo banamuletea batoto bao abafundishe kusoma.

Ni miye mukaka wako, bibi yako, ningali nalima.