Meli Iliposimama Dar es Salaam

Mpendwa mwanangu Ngoie, mama yangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakipewa siku moja na mtu wasiyemwona mara kwa mara ni kuijaza mambo mazito. Wanakaa chini, wanatoa yote yaliyolala moyoni, na jua linapotua wote wawili wamechoka na hakuna hata mmoja aliyeangalia nje ya dirisha. Sisi hatukufanya hivyo, wala sijutii. Meli unayoipikia mikate ilisimama Dar es Salaam kuanzia asubuhi hadi jioni, mimi nikaja kwa basi kutoka kwetu Likasi, kule Kongo kwenye shaba, na siku ile nzima tukatembezwa mjini kama watalii. Jambo lililokuwa kati yetu hatukuligusa. Leo nitaligusa, lakini nivumilie kwanza. Unajua siwezi kuanza hadithi katikati, nami nataka tuanzie pale langoni mwa bandari.

Unakumbuka lile bango? Ulikuwa umeniambia kwenye simu: "Papa, ku kila bandari naonaka abiria banashuka, na kuko mutu anabangojea na karatasi ya jina yabo. Minye natokaka ku mulango ya nyuma, na unga mu nywele. Mara moja tu, na minye nataka mutu anishikie karatasi." Basi ukamtafuta mwongozaji wa kututembeza sisi wawili peke yetu, ukamwandikia majina, naye Bi Rehema akayaandika kama alivyoyapokea, kwa herufi kubwa nyekundu: NGOIE NA PAPA.

Nilifika kabla yako. Nilimkuta mama huyo mnene, mwenye mtandio wa kijani, amelinyanyua bango lake juu, na walinzi wa lango wanajishika mbavu.

"Bi Rehema," mmoja alimwambia, "huyo Ngoie sawa, atapita hapa. Papa je, tumfungulie lango au anakujia majini?"

Kwetu papa ni baba. Kwao papa ni yule samaki mwenye meno. Nilikuwa nalijua jambo hilo kutoka kwenye kamusi, maana nimefundisha kemia maisha yangu yote na bado nasoma hata yasiyonihusu. Lakini kulijua neno kwenye kamusi ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya watu wanaolicheka huku neno lenyewe ni wewe ni kitu kingine. Nikavua kofia, nikasema, "Papa ni mimi." Bi Rehema aliona haya sana. "Shikamoo mzee, nisamehe!" akasema, nami nikajibu "Marahaba" kwa mara ya kwanza maishani, neno nililokuwa nimelisoma tu. Ndipo ukatokea wewe, umevaa kitenge chako cha bluu, huna unga hata kidogo, ukasimama mbele ya bango na kulitazama muda mrefu kabla ya kunitazama mimi. Sikuona wivu.

Mchana ule naukumbuka kama mtu anayekumbuka kitu alichokiota akiwa na homa ndogo, ile homa isiyoumiza. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Majengo meupe yalionekana kama yamelowa maziwa. Bi Rehema alikuwa anaendesha polepole na kueleza kila kitu, na wewe ulikuwa umekaa nyuma, dirisha wazi, mkono nje, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo tukienda kununua samaki ziwani Tshangalele. Tulifika kwenye sanamu ya yule askari, pale njia zinapokutana. Bi Rehema akaanza maelezo yake, nami nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza kwamba askari yule, kwa sehemu kubwa, ni shaba. Kwamba shaba ikichanganywa na bati inakuwa ngumu kuliko zote mbili. Na kwamba rangi ile ya kijani inayotambaa mikononi mwake ni shaba inayozungumza na hewa.

"Mzee," akasema Bi Rehema, "leo mwongozaji ni nani, mimi au wewe?"

"Umuache tu," ukamwambia. "Ata ku mazishi anafundishaka."

Halafu soko la samaki, Feri. Hapo nilipotea kwa sababu ya pweza. Sikuwahi kumwona pweza akiwa amelala mezani hivyo, na nikabaki nimesimama nikihesabu mikono yake. Nikakusikia kwa mbali unaita, "Papa! Papa!" Na sauti ya muuza samaki ikakujibu bila kukutazama:

"Papa kaisha tangu asubuhi, dada'angu! Nguru yupo, chukua nguru!"

"Natafuta papa yangu! Ana kofia!"

"Papa mwenye kofia! Jamani, nani kamuuza papa mwenye kofia?"

Soko zima likaangua kicheko. Nikatokea nyuma ya meza nikiwa nimenyoosha mkono kama mwanafunzi, na kijana mmoja mwenye kisu akanitazama mdomoni akasema, "Papa mwenyewe mbona hana meno?" Wewe ulicheka mpaka ukachuchumaa. Sijakuona ukicheka hivyo tangu ulipokuwa unajifunza kukanda unga na mama yako, naye akakupaka puani.

Ulipoinuka ulikuwa unajifuta macho, na nadhani ulimkumbuka yeye pia, maana mkono wako uliishia puani.

Kisha yale malori. Bi Rehema alitupitisha njia ya bandarini, na foleni ikatushika. Ubavuni mwetu lilikuwa limesimama lori lenye mabamba ya shaba, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, turubai limefunuka upande mmoja. Niliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa nyumbani. Ukatoa kichwa dirishani ukamwuliza dereva anatoka wapi.

"Likasi, mama! Na weye?"

"Na minye vile vile! Ku Likasi!"

"Aaah, dada yetu! Nashusha mizigo, narudia. Nikusalimie nani kule? Sema tu jina, nitapita ku mulango!"

Nilikuwa kiti cha mbele, sikugeuka. Nilikuona kwenye kioo kidogo. Ulifungua mdomo, ukaufunga. Dereva alingoja, ametabasamu, mkono juu ya mlango wa lori lake. Kisha foleni ikasogea, naye akasogea nayo, na Bi Rehema, mwenye busara, akaanza kutueleza habari za daraja la Kigamboni.

Langoni, tulipoagana, uliniuliza jambo moja tu la nyumbani: "Barza ingali nyekundu?" Nikakujibu kwamba mama yako anaisugua sakafu ya baraza kwa nta kila siku ya posho, maana Jumamosi yetu bado tunaiita hivyo. Ukaitikia kwa kichwa. Ukaingia, na meli ikakumeza wewe na kitenge chako.

Sasa nikueleze kilichotokea hapa tangu niliporudi.

Unajua mama yako alivyokataa kuja. Alisema, "Minye sitakwenda kuona mutoto kwa masaa, sawa vile mugonjwa wa ku lopitalo." Unajua pia alivyokuambia siku ulipoondoka, amesimama kwenye baraza, mikono kiunoni: "Ukivuka mupaka ya Kasumbalesa, usinitelefonie." Nawe ukatii. Nimekaa na mwanamke huyu muda wa kutosha kukueleza: alichokisema kilimuumiza, lakini utii wako ndio uliomuudhi. Katika mambo yote aliyowahi kukukataza, ukachagua kutii hilo. Na wakati wote huo majirani wameendelea kumwita Mama Ngoie, asubuhi na jioni, naye hajamkataza hata mmoja.

Niliporudi kutoka Dar hakuuliza neno. Alinipa chakula. Kesho yake alasiri, tumekaa kwenye baraza, yeye anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Ule muji, unitembeze." Basi nikamtembeza. Nilianza na bango, nikaenda na sanamu, nikamaliza na soko. Alicheka kwenye papa asiye na meno, akajifanya anakohoa. Siku iliyofuata akataka tena. Mpaka leo, kila alasiri, tunakwenda Dar es Salaam.

Mji umebadilika mikononi mwake, lazima nikuonye. Bahari hajawahi kuiona, kwa hiyo ameweka Tshangalele pale, pamoja na visiwa vyake na harufu ya samaki waliokaushwa. Barabara ya kwenda kwa yule askari sasa ina miti ya jakaranda pande zote mbili, kama barabara zetu, na maua yanaanguka juu ya gari la Bi Rehema. Ukitoka sokoni unapita kwanza Kakontwe, vumbi lile jeupe la machimbo ya chokaa linatulia juu ya kila kitu, na ndiyo sababu, anasema, majengo ya Dar ni meupe. Nilijaribu kumsahihisha mara moja. "Papa Ngoie," akaniambia, "ulikwenda mara moja tu. Minye naendaka kila siku." Sikumsahihisha tena. Na kusema kweli, siku hizi nikifumba macho, mji ninaouona ni huu wake.

Jambo ninalotaka ulijue ni mahali anapokaa katika lile gari. Mwanzoni hakuwa ndani kabisa. Alikuwa anatutazama tukipita. Kisha akapanda akakaa mbele, kwenye kiti changu, akanihamishia nyuma kwako. Alikaa pale siku nyingi, amekupa mgongo. Habari ya dereva wa lori nilikuwa namficha. Juzi ikaniponyoka. Mkono wake ukasimama kwenye maharage.

"Na mutoto, akamujibu nini?"

"Hakujibu."

"Akataja jina ya nani?"

"Hakutaja jina. Alifungua mdomo, akaufunga."

Alichambua maharage mpaka yakaisha, kisha akaanza kuchambua yale aliyokwisha kuyachambua. Jana, tulipokuwa tunaanza safari, akasema: "Leo minye nitaikala nyuma." Nikamwuliza, nyuma kuna nani? "Unajua weye," akasema. Na tulipofika kwenye foleni ya malori akanizuia kwa mkono. "Simamisha hapa kwanza." Tukakaa pale, kwenye baraza letu, foleni haisogei, mpaka jua likaondoka kwenye sakafu.

Ngoie, maharage yale anayachambua kwa vidole. Sakafu anaisugua kwa kupapasa. Macho yake yanafunikwa na ukungu. Daktari wa Lubumbashi amemwona, anasema unaweza kuondolewa, ila tusikawie. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kueleza, nikamwambia kwamba kwenye Kiswahili cha vitabu ukungu huo unaitwa mtoto wa jicho. Alifikiri kidogo.

"Mutoto ya jicho? Kumbe njo mwenye alibakia." Kisha akasema, "Alors, basimutoshe." Yaani huyo ndiye aliyebaki kwake, wasimtoe, wamwache hapo hapo.

Nilidhani ni mzaha. Si mzaha. Siku ya kwenda kwa daktari ilipofika hakuvaa viatu. Nilimbembeleza, nikamchorea jicho kwenye karatasi, nikamweleza lenzi na mwanga. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mzazi wa mwanafunzi, kisha akaniuliza: "Banifungulie macho, nione nani? Weye nakujua. Tangu zamani hauchangi." Yaani sibadiliki. Daktari ametupa nafasi moja tena. Anatungoja juma lijalo.

Siwezi kumpeleka kwa nguvu. Na sikuombi uache kazi yako. Najua unavyoupenda mkate unaoukanda tumboni mwa meli ile, na najua ni nani aliyekufundisha kuukanda. Nakueleza tu mambo yalivyo. Maneno yangu yameisha, na ninayoweza kuchora nimekwisha kuyachora. Kilichobaki hakiko kwangu.

Nimekukumbuka, mama. Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, lakini kila nikizeeka nalisema kwa maana ya kweli zaidi. Asubuhi, kabla baraza halijapata joto, nasikia honi ya lori barabarani na nadhani ni yule dereva, amekuja na jina ulilomtajia.

Kurasa hizi nitazipiga picha na kuzituma. Zitakufikia meli ikikaribia nchi kavu na simu yako ikipata mtandao. Siku hiyo, popote utakapokuwa, ndiyo ninayoiita leo. Mama yako hawezi tena kusoma jina linalotokea kwenye simu. Anapokea kila simu inayolia, na anauliza, "Ni nani?"

Mpigie leo, umtajie jina lako.

Papa yako,
asiyejua kuogelea