Herufi za Kikombe Chako

Kwa Moses, nyuma ya hospitali,
S.L.P. 27, Kibondo.
14 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Esteri,

Hujambo huko Mpanda? Goti limekuachia walau ufike kanisani? Mimi mwanangu Moses alinihamishia huku tangu Juni, niwe karibu na daktari. Kifua hakitapona, nimeelezwa waziwazi. Usishtuke. Leo nimemaliza bakuli zima la uji, na sababu yake imo katika barua hii.

Unakumbuka vitambaa vya meza ulivyotarizi nyumbani Heru Juu, kule Kasulu? Uzi ulikuwa haba, ukazikata herufi mikia na mapambo yote. O uliizungusha kwa mdomo wa kikombe cha bati. C ikawa O iliyofunguliwa ubavuni. D, nusu yake iliyoegemea fimbo. Unene ule ule kila mahali. Mtu alizisoma akiwa bado mlangoni.

Nilichukua karatasi yako ya vielelezo vya herufi nikapaka kibao cha shule niliyofundisha. Mkaguzi aliposifu, nikasema ni kazi yangu. Vikafuata vibao vya zahanati, mahakama, soko, hadi kijiji cha Titye, na pembeni jina langu. Siku ulipokiona kile cha sokoni ulikitazama sana, kisha ukanisaidia kubeba kapu. Ila hukutarizi tena. Nililiona hilo, Esteri. Miaka arobaini ninaliona.

Sasa wakimbizi wamejaa huku, na mitaa ya kambi imepewa herufi ili mgeni asipotee. Manirambona, Mrundi anayepaka vibao vya kambi, alizichukua kwangu hizo herufi zako, maana hata mama anayekimbia na mtoto mgonjwa huziona toka mbali. Wamefika mtaa wa Q. Wewe Q hukuichora, Kiswahili hakikuihitaji. Nimehangaika nayo siku tatu kitandani.

Juzi Manirambona akaitazama, akacheka. "Mwalimu, hii si sufuria iliyoota mguu? Zile nyingine ulizichora wewe kweli?"

Nikamwambia, "Hapana. Ni za Esteri, mdogo wangu."

Moses, aliyekuwa akila pembeni, akaacha kutafuna. Nikasimulia yote, hata lile la kapu. Manirambona akasema, "Kumbe kila asubuhi namwamkia mwizi!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu hapo kifua ni kile kile, lakini mzigo haupo.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuibia kazi, nikakunyamazisha. Moses ameahidi kwenda Kasulu na kopo la rangi, afute jina langu aandike lako.

Kibao cha mtaa wa Q kimeshasimama, cheupe, kitupu, kinaisubiri Q yako. Watu wanakiita kibao cha Esteri. Kile kikombe nilikitunza. Kinakuja pamoja na barua hii.

Msalimie shemeji Reverien na binti yenu Claudine. Nadine, mkwe wangu, anakusalimu. Mungu aishike mikono yako isitetemeke.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda siku zote na kuchelewa kusema kweli,
Niyitegeka