Hisa za Benki kwenye Hija ya Mama

Buyenzi, Bujumbura. Alhamisi, baada ya Alasiri.

Mvua imetishia tangu asubuhi na bado haijanyesha. Joto limebana, gauni limenigandia mgongoni, na umeme ulikatika saa nne. Naandika kwa simu ambayo betri yake imebaki nusu. Moyo unanidunda kama wa mtu aliyeiba.

Wanaonisoma siku zote wananijua: nesi wa Ottawa, raia wa Kanada kwa makaratasi na mtoto wa Buyenzi kwa mengine yote, mwanamke anayechambua hisa kila Jumamosi kama wenzake wanavyochambua mchele. Nimejaza ukurasa huu kwa ushauri. Leo sina ushauri wowote, nina haya tu.

Miaka mitatu iliyopita Mama aliuza kiwanja cha Kanyosha. Wapangaji walikuwa hawalipi, na kila msimu wa mvua ukuta mmoja ulianguka. Aliyenunua ni binamu yetu wa Kanada, akanilipa mimi hukohuko. Baba, Mungu amrehemu, aliacha neno kwamba kiwanja ni cha wajukuu, na Mama ale kodi yake tu. Kwa hiyo Mama aliniambia pesa za kiwanja zikae kama zilivyo, yeye ale kinachozaliwa. Basi. Hakuuliza zaidi, na mimi nilijiona fundi.

Nilifanya kama inavyofundishwa. Mjane wa miaka sitini na minane, asiye na pensheni, hapewi hisa za kukua, zile za kampuni ambazo faida yote hurudishwa ndani ya biashara na wewe unaambiwa subiri. Anapewa hisa za gawio, zinazomletea mwenye hisa sehemu yake ya faida mkononi. Nilitafuta kampuni ambazo hazikupunguza gawio hata miaka mibaya. Nikahakikisha gawio linalipwa kwa faida na si kwa kukopa. Nikachagua tatu zinazopishana miezi, ili kila mwezi Mama apate kitu: benki, benki nyingine, na kampuni ya umeme. Niliusifia mpango huo hapahapa, tena kwa maringo. Kijisehemu kilichobaki nikakitia kwenye kampuni moja ya kukua, inayotengeneza programu za kuendeshea maduka. Hiyo haijawahi kutulipa hata senti.

Benki ndiko tunakoanzia wawekezaji wadogo wa Kanada, karibu wote. Lakini mimi ni mtoto wa nyumba ambayo riba haikuingia mlangoni. Baba, mfanyabiashara, alikosa mizigo mizuri kwa sababu hakutaka mkopo wa benki, na sisi watoto tulilala na njaa tukijua sababu. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijiambia kwamba gawio ni faida, si riba, na kwamba hakosekani shehe mmoja wa kunikubalia. Sikumwuliza hata mmoja. Pesa zangu mwenyewe ziko kwenye benki hizohizo na hiyo ni hesabu yangu na Mungu. Hizi hazikuwa zangu.

Mama alipouliza pesa zinatoka wapi, nilisema kampuni ya umeme.

Alicheka mpaka akakohoa. "Huko umeme haikatikake?" Tangu siku hiyo anawaambia majirani kwamba yeye anauzia Wazungu umeme. Nilimwacha aseme. Kila mwezi nilimtumia dola kupitia mfanyabiashara anayeshirikiana na kaka yangu Suleimani, nikidhani zinakwenda kwenye dawa za sukari na chakula.

Kumbe hakula hata moja.

Leo asubuhi aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti, na bahasha ya khaki mapajani. Kesho kabla ya sala ya Ijumaa wanafunga orodha ya kundi la Hija, na malipo ni dola mkononi. Pesa imetimia. Miaka mitatu ya gawio, pamoja na faida ya sambusa anazouza. Aliniangalia kama mtoto anayeonyesha matokeo ya mtihani.

Halafu akaanza kuniomba radhi. Ndiyo desturi yetu, anayekwenda Hija huwapitia watu awaombe msamaha. Kwa kawaida hufanywa safari ikikaribia, lakini Mama hakuweza kungoja, ameshazunguka nusu ya mtaa wiki hii.

"Mutoto wangu, unisamehe," akasema. "Mi nilikupigaka sana wakati ulikuwa mudogo. Na siku ulizaa kule, uliniita, sikukuja. Niliogopaka ndege. Nilikudanganya ni mafua."

Nikasema nimekusamehe, Mama. Anayeombwa radhi naye huomba, na yeye alikuwa ananisubiri. Nilifungua mdomo. Nikasema joto limenizidi, nikatoka kutafuta maji.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Suleimani nikamweleza yote, nimesimama kati ya magunia ya sukari. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

"Franchement, kwa kweli, utamuambia juu ya nini?" akasema. "Mama iko na furaha. Magoti yake unayaona, mwaka kesho atatembea? Yeye hakujua kitu. Hiyo zambi ni yako, si yake. Ubebe, we nyamaza, Mama aende."

Naandika kwa aibu kwamba nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikipita foleni ya magari yanayongoja mafuta, na njia nzima nilikuwa mwepesi. Zambi ni yangu, nitaibeba. Nimebeba mangapi. Nilifikiria hata kumlipia mimi, lakini niko likizo isiyo na mshahara, na akiba yangu yote iko palepale kwenye benki. Suleimani naye dola zake zote ziko kwenye mzigo uliokwama njiani. Basi kunyamaza. Nilishaamua kabisa.

Nikamkuta Mama anatawadha kwa ajili ya Adhuhuri. Aliosha mkono polepole, kidole kwa kidole, na bahasha ameibana kwapani, hakutaka kuiweka chini hata pale bombani. Nilijua kwamba ataibana hivyo mpaka Maka. Atasimama kule na pesa yangu, aombe dua akiamini imesikika. Sikuweza.

Alipotoa salamu ya mwisho nikakaa mbele yake nikamwambia. Benki mbili, umeme mmoja. Nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

Aliivuta bahasha karibu. Halafu akauliza kitu kimoja. "Ya benki ni ngapi?"

Katika kila miezi mitatu, nikasema, miwili.

Alifungua bahasha, akazitazama noti, akaifunga. Mimi ndiye niliyelia, si yeye. Nilimwambia mwaka kesho nitamlipia kwa mshahara wangu, mshahara wa kuwahudumia wagonjwa, hauna doa. Akatikisa kichwa.

"Apana. Mi nilisema nitaenda na yangu."

Akachukua simu, akampigia mwenyewe mkuu wa kundi. Alimwambia amtoe kwenye orodha, mambo hayajakaa sawa, Inshallah mwaka mwingine. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na alimwulizia hali ya mke wake. Hakunitaja. Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama usoni.

Akaanza kupanga, kama alivyokuwa akipanga mambo Baba akisafiri. Zilizotoka benki zipelekwe hospitali ya Kamenge, zilipie wagonjwa wasio na ndugu, na jina lake lisitajwe, maana hatafuti thawabu kwa pesa hiyo, anataka tu imtoke. Hisa za benki ziuzwe leo. Kama zimepanda bei, hicho kilichozidi nacho kiende Kamenge. Pesa za kiwanja zibaki zilezile, za wajukuu.

"Na ile ingine?" akauliza. "Ile haileteke kitu. Iko nauzisha nini?"

Nilimweleza. Programu ya kumsaidia mwenye duka kujua amebakiwa na nini na ameuza nini. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza nikiongea mambo haya. Mjane wa mfanyabiashara, ameifanya kazi hiyo kwa kichwa maisha yake yote.

"Hiyo ni kazi ya watu," akasema. "Tia yote pale."

Nilimpinga. Nililazimika, maana hapo angalau najua ninachosema. Nilimwambia Mama, hiyo hailipi kila mwezi wala kila mwaka. Inaweza kushuka nusu kabla haijapanda. Inataka miaka mitano, pengine kumi, na wewe hutakula ila kile kitakachozidi, kama kitazidi. Nikamsihi niziweke zote kwenye umeme. Akasema huo umeme ameudanganyia majirani miaka mitatu, hautaki tena. Kosa la umeme sikuliona, lakini sikuwa na uso wa kubishana.

"Nitangoja," akasema. "Fungua simu yako, ununue."

Soko la hisa la Toronto hufunguliwa huku kwetu ni alasiri. Niliuza benki zote mbili kwa simu hii, nimekaa kizingitini ambako mtandao unashika, na Mama amekaa nyuma yangu akichambua maharage. Kisha nikajaza fomu ya kununua. Nimewaandikia mara ngapi kwamba kabla ya kununua hisa ya kukua, mtu ajiulize kwanza ana miaka mingapi ya kungoja? Nikahesabu miaka ya Mama. Sabini na mmoja, sukari, magoti. Nikahesabu tena.

Nikabonyeza.

Nyuma yangu aliuliza, "Imeingia?" Nikasema imeingia. Akasema Alhamdulillah, akaendelea na maharage yake.

Bado sijamwomba radhi. Naufunga ukurasa huu niende nikae mkekani pale. Kesho Ijumaa orodha itafungwa bila jina lake, nami sijui nianze kumwomba Mungu kipi: bei ipande, au Mama awepo ikipanda.