Vidonge Vyako Sijampa Mbwa

Nyakahura,
Biharamulo, Kagera.
12 Agosti, 2024.

Mpendwa Laurian,

Marahaba, mwanangu, maana najua ungeniamkia kabla ya yote. Hujambo huko Tabora? Mafua yale yamekuachia? Sisi tu wazima, ila mume wangu Evaristi goti linamsumbua. Maharage tumevuna kiasi cha kumshukuru Mungu.

Kifurushi chako cha dawa ya mbwa kimefika. Sijampa.

Mbwa wetu Watasema anajikuna mpaka mgongo umebaki ngozi tupu. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya jirani yetu Xavery, na kweli anasema: eti mbwa ana kichaa, auawe. Namshuku. Mbuzi wangu wakikosa mlinzi, nani atafurahi?

Ulisema tumpe vidonge viwili viwili, na Evaristi alishaandaa ugali wa kuvifichia. Nikamnyang'anya. Kwenye boksi pamechorwa pua ya mtu. Mbwa anawashwa mgongo, pua inaingiaje?

Siku ya gulio tukampeleka kwa Danstan, bwana mifugo. Mbwa tulimtia kwenye gunia, tukamning'iniza kwenye mizani ya mahindi, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Danstan hakucheka. Alisoma boksi lako akasema, "Mama, hapa dawa ya muwasho imechanganywa na ya kuzibua pua. Hiyo ya pili inaupeleka moyo mbio. Ungempa, ungemzika." Akanipa ya muwasho peke yake, kipimo kwa uzito wake. Alionya kwamba atasinzia, na akitapika au kutetemeka tuache, tumrudishe.

Kisha akamnusa mgongo, akauliza nani anamwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nikamtazama Evaristi. Akaanza kusifia bei ya mbuzi! Kumbe kila akimaliza kuogesha ng'ombe alimpaka na mbwa, tena bila kuongeza maji. Hiyo ndiyo iliyomchoma ngozi. Chupa sasa naifungia mimi.

Leo Watasema amelala bila kujikuna. Hata usingizi wake siuamini. Naenda kumgusa kwa mwiko nione kama anapumua.

Sasa lililonifanya niandike. Danstan alisema mwenye presha naye asimeze vidonge vile. Wewe una presha, kama marehemu baba yako. Na uliniambia nisiogope, eti ndivyo unavyomeza mwenyewe mafua yakikubana. Tangu juzi simu yako haipatikani. Usinidanganye kuwa ni chaji. Naogopa, Laurian. Vitupe, kapime presha leo hii.

Barua hii namkabidhi kondakta wa basi akupe mkononi. Nimemwambia asinirudie bila kunieleza kwamba amekuona umesimama.

Msalimie mkeo Joyness na watoto. Dada yangu Felisita wa Murukulazo anawasalimu. Mungu aulinde moyo wako.

Wako akupendaye, hata anapokushuku,
Shangazi Restituta